Mwimbaji Aliyefungiwa Ndani ya Bati la Biskuti

Lilikuwa lile bati la buluu la biskuti za siagi, ambalo kwetu biskuti zikiisha huwa la sindano na nyuzi. Nilikutana nalo chini ya kitanda cha Bà, mzee niliyeajiriwa kumtunza, siku ya tatu ya kazi, nikitafuta kandambili zake. Nikalifungua nikijua nitaona vifungo. Ndani mlikuwa na diski za muziki kama kumi na tano na kaseti nne za zamani, zote za mwanamke mmoja mwenye nywele ndefu na macho yanayotazama pembeni. Jina lilikuwa moja tu, juu ya kila moja: Khánh Ly.

Nikamwonyesha Bà, nikamuuliza kwa ishara kama nimwekee moja. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea uvunguni, akanyoosha tena, mpaka nikalirudisha lilikotoka.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019, Garden Grove, California. Mimi mtu wa Tanga. Nimekuja Marekani kubeba boksi kama wenzangu, ila boksi langu likawa wazee: kuogesha, kulisha, kupima presha, kumgeuza mtu usiku asipate vidonda vya mgongo. Bà kwa Kivietnam ni bibi, na neno hilo sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Mjukuu wake aliniita cô, yaani shangazi. Bà mwenyewe aliniita con, mwanangu. Katika lugha yao huwezi kusema "mimi" na "wewe" kabla hujajua nani mkubwa, nani mdogo, nani dada wa baba. Na mkubwa akikuita unaitika dạ, kama sisi tunavyoitika abee. Neno hilo ndilo lililonivusha miezi ya mwanzo. Nisipoelewa, naitika dạ, halafu natazama mkono wake unaelekea wapi.

Si kwamba nyumba ile ilikosa muziki. Televisheni ya sebuleni ilicheza Paris By Night tangu asubuhi, jukwaa lenye taa kama harusi ya tajiri, wanawake ndani ya áo dài, ile kanzu ndefu ya Kivietnam, tango, bolero, vichekesho katikati. Bà aliwajua waimbaji wote, na talaka zao. Kwa hiyo aliyefungiwa alikuwa mmoja tu. Nikamuuliza mjukuu, huyu kafanya nini?

"Ah, huyo. Alirudi."

"Alirudi wapi?"

"Nyumbani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaanza kumsoma huyo mwanamke usiku, Bà akiwa amelala, simu mkononi, na kidogo kidogo jibu lile la neno moja likaanza kufunguka.

Khánh Ly alizaliwa Hanoi mwaka 1945. Vietnam ilipogawanywa mwaka 1954, kaskazini ikiwa ya wakomunisti, watu wa kaskazini kwa mamia ya maelfu walihamia kusini, na yeye akakulia huko. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuhama mara moja kabla ya ule uhamaji ambao dunia inaujua. Husimuliwa kwamba akiwa bado binti mdogo alidandia lori la mboga kutoka Đà Lạt mpaka Saigon ili aingie mashindano ya watoto ya kuimba, na akashika nafasi ya pili. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Đà Lạt ni mji wa milimani, wa baridi, ukungu, kabeji na maua. Ni Lushoto ya Wavietnam. Mtu yeyote wa Tanga anayajua malori hayo, na anajua unashuka ukinuka nini.

Alirudi Đà Lạt kuimba katika klabu ya usiku, na huko, mwaka 1964, akakutana na kijana mtunzi, Trịnh Công Sơn. Mwaka 1967 wakawa pamoja Saigon, wakiimbia wanafunzi mahali palipoitwa Quán Văn, nyuma ya Kitivo cha Fasihi. Gitaa moja, sauti moja, watu wamekaa chini. Aliimba bila viatu, wakamwita malkia wa miguu mitupu. (Cesária Évora wa Cape Verde naye alijulikana kwa miguu mitupu, miaka mingi baadaye. Sijui kwa nini jambo hilo linanifurahisha.) Nyimbo zilikuwa za mapenzi, nyingine za maiti. Trịnh aliimba dhidi ya vita bila kusema upande gani una haki, na mtu wa namna hiyo wakati wa vita hukosa rafiki pande zote mbili. Serikali ya kusini ikapiga marufuku nyimbo zake. Kaskazini nao hawakumwamini. Kaseti zikatembea hivyo hivyo, mkono kwa mkono, hadi kwa askari.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya sabini Khánh Ly alikuwa na klabu yake mwenyewe Saigon, barabara ya Tự Do. Alikuwa amekwisha kuimba Japani wakati wa maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, hata akarekodi wimbo wa Trịnh kwa Kijapani. Ndipo ikaja Aprili 1975. Yeye akaondoka. Trịnh akabaki; siku Saigon ilipoanguka mikononi mwa kaskazini, tarehe 30, alikwenda redioni akaimba wimbo wake wa watu kushikana mikono nchi nzima. Sauti ikaishia bara moja na kalamu bara jingine.

Hapa ndipo watu wengi wanapoikosea habari hii. Tunapenda hadithi ya mkimbizi anayeshuka na mfuko mmoja, anajifunza Kiingereza, anaimba mbele ya wazungu, wazungu wanalia, anapewa tuzo. Khánh Ly ameishi California tangu wakati huo na ameimba miaka yote hiyo, lakini mwulize Mmarekani wa kawaida, hata anayeishi mitaa mitatu kutoka hapa, hajamsikia. Kwa kipimo cha redio za Marekani ni kama hakuwahi kushuka kwenye ndege.

Ila kulikuwa na hadhira nyingine, na ilibidi kwanza ikusanywe. Watu kama 130,000 walioondoka mwaka ule walipokelewa katika kambi nne za jeshi, mojawapo Camp Pendleton, si mbali na hapa, kisha serikali ikawatawanya makusudi nchi nzima, familia hii kanisa hili, familia ile mji ule wa theluji, ili wasilundikane. Wakalundikana. Mwaka mmoja, miaka miwili, mtu anafunga mizigo anamfuata binamu. Mashamba ya michungwa na stroberi ya Westminster na Garden Grove yakageuka maduka, barabara ya Bolsa ikajaa pho, ile supu ya tambi, na vito vya dhahabu, mwaka 1987 likafunguliwa jengo kubwa la maduka la Phước Lộc Thọ, na mwaka 1988 gavana akaja kulitambua rasmi eneo kwa jina la Little Saigon. Kazi iliyowashika wengi ni kucha, na hiyo nayo ina chanzo cha ajabu: mwaka 1975, katika kambi karibu na Sacramento, mwigizaji Tippi Hedren alimleta mtaalamu wake wa kucha awafundishe wanawake ishirini wa Kivietnam. Leo ingia saluni ya kucha karibu popote Marekani usikilize lugha inayosemwa kule nyuma. Binti wa Bà alisomesha watoto watatu kwa kucha. Na katika kila saluni paliwekwa televisheni, na kwenye televisheni pakawekwa mwimbaji.

Bà hakuja mwaka 1975. Alikuja kwa mashua. Ya baharini hakuyasimulia, na mimi niliyekulia ufukweni sikuuliza. Naijua bahari kiasi cha kutosha kuacha kuuliza. Alichosimulia ni kisiwa. Pulau Bidong, Malaysia, kipande cha ardhi cha kama kilomita moja ya mraba ambacho mwaka 1979 kilikuwa na watu wapatao 40,000. Kila kundi lilipoondoka kwenda nchi iliyolikubali, vipaza sauti vilipiga wimbo wa Trịnh kuhusu bahari inayomkumbuka anayeondoka. Wengi waliopita Bidong wanaukumbuka. Wimbo ulitungwa kabla ya yote haya, kwa ajili ya mapenzi tu, na mtunzi wake wakati huo alikuwa bado Vietnam, chini ya serikali ileile waliyoikimbia. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Bà alisema alikaa gatini miezi minane akiusikia kwa ajili ya wengine, na siku ulipopigwa kwa ajili yake hakuusikia, kwa sababu alikuwa anahesabu watoto.

Basi hao ndio waliokuwa wateja. Mwimbaji wa Kivietnam uhamishoni hakuwa na redio ya taifa, hakuwa na kampuni kubwa, hakuwa na mji mmoja wa kujaza ukumbi kila wiki. Alikuwa na watu waliotapakaa San Jose, Houston, Toronto, Paris, Sydney. Kwa hiyo kazi ikawa ya mwisho wa wiki: Ijumaa uwanja wa ndege, Jumamosi ukumbi, Jumapili ukumbi mwingine, Jumatatu nyumbani. Tết, mwaka mpya wao, ikikaribia, hakuna kulala. Kati ya hapo ni kaseti. Khánh Ly alianzisha shughuli yake mwenyewe ya kurekodi na kuuza, lakini kaseti moja ilinunuliwa na kunakiliwa sebuleni kwa jirani, shemeji na mtu wa kanisani, na hakuna aliyeona anaiba, aliona anasaidia. Sisi tuliokulia na kaseti za taarabu za kudurufu tusijifanye hatuelewi.

Walioigeuza hali hiyo kuwa biashara kamili ni Thúy Nga. Tô Văn Lai, aliyewahi kuwa mwalimu, alifungua duka la muziki Saigon mwaka 1972 kwa jina la mkewe, akahamia Ufaransa, na mwaka 1983 akatoa mkanda wa kwanza wa video wa Paris By Night. Baadaye kampuni ikahamia huku Orange County. Kwa nini video na si kaseti tu? Mjukuu wa Bà ndiye aliyenieleza: watu walitaka kuona sura zao. Kwenye televisheni ya Marekani ya miaka ya themanini, Mvietnam aliyeonyeshwa alikuwa akikimbia kichakani au akilia. Kwenye mkanda huu amevaa hariri, anaangaziwa taa, anachekesha kwa lugha ambayo mtoto wako sasa anaisahau. Akatokea Lynda Trang Đài, aliyekuja Marekani mdogo, na mavazi yake ya ngozi nyeusi na mikufu kama Madonna. Bà alimwita hana haya. Lakini nimemwona Bà mwenyewe akimtazama bila kupepesa.

Nataka kusema neno kuhusu lugha, maana nadhani ndiyo siri iliyo wazi. Kivietnam kina toni sita. Silabi "ma" peke yake, ukiipandisha, ukiishusha au ukiikatisha, yaweza kuwa mzimu, mama, kaburi au mche wa mpunga. Sisi tuna "kaa" la moto, "kaa" wa baharini na "kaa" ya kuketi, lakini tunayatofautisha kwa maneno jirani. Wao wanatofautisha kwa sauti yenyewe, na maana yake mtunzi hawezi kupeleka muziki popote anapotaka: muziki ukipanda pale neno linaposhuka, mama amekuwa kaburi. Ukimpa mwimbaji wa namna hiyo mashairi ya Kiingereza umempa kazi nyingine kabisa, ni kama kumwambia fundi seremala kwamba ushonaji nao ni kutumia mikono. Naona Khánh Ly alifanya hesabu sahihi. Miriam Makeba aliwaimbia wageni, akaimba hadi "Malaika" yetu, akafika duniani kote. Na pasipoti zake zilitoka nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, baada ya makaburu kumfutia ya kwao. Hiyo ni njia. Lakini nani alisema ndiyo njia pekee? Mtu anaweza kuwaimbia watu wake wote na jirani wa mlango wa pili asijue. Waliomjua zaidi nje ya Wavietnam ni Wajapani. Mwaka 1979 wimbo wake ulitumika katika tamthilia ya NHK, televisheni ya umma ya Japani, kuhusu mke na binti waliotoka Saigon. Nchi iliyompa makazi haikumsikia. Iliyomsikia ni nchi nyingine kabisa.

Gharama ya njia hiyo ni kwamba ukiwaimbia watu wako, wao ndio serikali yako. Mwaka 1997 Thúy Nga walitoa toleo kuhusu mama, lililokuwa na picha za vita zilizoonekana kuwalaumu askari wa kusini, na jamii ikachachamaa. Mwaka 1999, hapa Westminster, mwenye duka la video alitundika picha ya Hồ Chí Minh, kiongozi wa wakomunisti wa kaskazini, watu wakaandamana siku 53, usiku mmoja wakafika maelfu kumi na zaidi. Bà alikwenda. Alipeleka chai. Kwa nini? Mumewe alikuwa ofisa wa jeshi la kusini. Baada ya vita alipelekwa kwenye zile zilizoitwa kambi za kufunzwa upya, akatoka baada ya miaka saba na kifua kibovu, akafa kabla hajapata kupanda mashua yoyote. Sasa mwimbaji aliyewaimbia wajane wa namna hii kwa karibu miaka arobaini anapata kibali cha kuimba Vietnam mwaka 2012, na Mei 2014 anasimama Hanoi, mji alikozaliwa, katika Kituo cha Taifa cha Mikutano. Ana miaka 69. Trịnh amekufa tangu 2001.

Wapo waliomwita msaliti. Bà hakumwita chochote. Alikusanya diski, akaleta bati.

Mimi nilikuwa upande wa Khánh Ly, na sikusema, kwa sababu mimi ni mtu wa kumgeuza Bà usiku, si wa kumgeuza mawazo. Lakini mjukuu alisema. Siku moja mezani akamwambia: Bà, mbona na wewe ulirudi Vietnam, Nha Trang, mara mbili? Bà akaweka kijiko chini. Akajibu kwa ufupi, na mjukuu akanitafsiria huku akicheka bila furaha: "Anasema nilikwenda kuzika. Kuzika si kuimba."

Sikupata jibu la hilo. Bado sina.

Miaka ikapita, korona ikaja, tukafungiwa sisi watatu na Paris By Night. Bà akapungua. Chakula kikawa cháo tu, uji wa mchele, ambao nilijifunza kuupika mpaka mchele unapasuka na unakuwa mzito bila bonge, na matone ya maji ya dagaa waliochachushwa. Bà alisema wangu ni mzuri kuliko wa binti yake. Binti yake hakufurahi.

Halafu Juni 2022. Khánh Ly, miaka 77, yumo katika ziara ya kuaga, na anaimba Đà Lạt, Lushoto yao, alikoanzia. Katikati ya onyesho anaimba wimbo wa zamani wa Trịnh kuhusu urithi ambao mama anawaachia watoto: miaka elfu chini ya Wachina, mia chini ya Wafaransa, na ishirini ya ndugu kuuana. Wimbo haukuwa katika orodha iliyoruhusiwa. Serikali haitaki vita vile viitwe vya wenyewe kwa wenyewe; kwao ni vita dhidi ya Marekani, basi. Ikawa kelele, ikawa barua, na waandaaji wakatozwa faini.

Mjukuu aliisoma habari hiyo kwenye simu, kwa sauti, bila kukusudia chochote. Bà akamwambia arudie. Akarudia. Akamwuliza jambo, mjukuu akatafuta, akasoma tena sehemu ya faini. Ndipo Bà akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikawa kikohozi, nikamwinua, nikampigapiga mgongoni, machozi yanamtoka, na bado anacheka. Kisha akanyoosha kidole chini ya kitanda.

Nililivuta bati. Diski ya kwanza ilikwaruza, ikaganda. Ya pili ilikubali. Gitaa likaanza, halafu ile sauti, nzito kidogo kuliko nilivyoitegemea, haina haraka, kama mtu anayekusimulia jambo huku anakunja nguo. Mjukuu alikwisha kwenda kazini. Bà alifumba macho. Uji ulikuwa kwenye kijiko, kijiko mkononi mwangu, na sikujua kama nimlishe au ningoje. Wimbo ulipofika katikati alisema sentensi ndefu, taratibu, akiwa bado amefumba macho, na ndani yake nilisikia "con" mara mbili.

Nikaitika dạ.